Kabla ya vakansi ya kisiwani, jina liandikwe

Kila vakansi kubwa inapokaribia, mazungumzo yale yale yanarudi katika familia za Goma na Bukavu. Watoto wamemaliza masomo, ndugu amefika kutoka Kinshasa ao Ulaya, na mtu mmoja anasema: twende Idjwi. Hapo wanaanza kuhesabu dola. Usafiri ni kiasi gani, chumba ni kiasi gani, chakula cha siku mbili ni kiasi gani. Bei inakubaliwa, siku inachaguliwa, pesa inatumwa kwa simu. Swali moja linasahaulika karibu kila mara: nani ataandika majina ya watakaopanda?

Swali hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lilipaswa kuulizwa la kwanza, mbele ya bei.

Ziwa Kivu lina mambo ambayo watu wengine wanayafuata mbali sana. Idjwi, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika ziwa hilo, kina vilima, mashamba ya kahawa na mananasi, na njia ambazo mtu anaweza kutembea kutwa nzima bila kusikia kelele za muji. Upande wa Goma kuna Tchegera, kisiwa kidogo chenye umbo la mwezi mchanga, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Nyakati za utulivu wageni walilala huko katika mahema, wakitazama usiku mwanga mwekundu wa Nyiragongo. Huko Marekani na Ulaya, watu wanaweka akiba mwaka mzima ili wapande meli kubwa na kuzunguka visiwa vya Karibi kwa juma moja. Mkaaji wa Goma anasimama tu ukingoni mwa ziwa na kisiwa kiko mbele yake. Tofauti ya safari hizo mbili haiko katika uzuri wa maji. Iko katika daftari.

Anayelipia safari ya meli kubwa ya visiwani anatoa kwanza jina lake kama lilivyo kwenye paspoti, tarehe ya kuzaliwa, na namba ya mtu wa kupigiwa simu kukitokea shida. Hakuna anayepanda bila kuhesabiwa. Meli inapofika kisiwani, anayeshuka anaandikwa, na anayerudi anaandikwa tena. Kabla ya safari kuanza, kila mtu anaonyeshwa mahali pa kukusanyika na namna ya kuvaa jile ya kujiokoa, hata kama amesafiri mara kumi.

Utaratibu huo haukuletwa na huruma ya wenye meli. Uliletwa na vifo. Meli ya Titanic ilizama mwaka 1912, na miaka 2 baadaye mataifa yakaandika mapatano ya kwanza ya kulinda maisha baharini. Na bado somo halikuisha. Tarehe 13 Januari 2012, meli ya vakansi Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, nchini Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Watu 32 walikufa. Mamia ya wasafiri waliopanda siku ile ile walikuwa hawajaonyeshwa lolote, kwa sababu sheria iliruhusu mafunzo hayo kufanywa ndani ya saa 24. Tangu mwaka 2015 kanuni imebadilika: wasafiri wapya wafundishwe kabla meli haijaondoka ao mara tu inapoondoka.

Jambo lingine la Giglio linawahusu moja kwa moja watu wa Kivu. Mtu wa mwisho aliyekosekana alipatikana mwaka 2014, zaidi ya miaka 2 baada ya ajali. Ilijulikana kwamba bado anakosekana mtu mmoja, na ilijulikana ni nani. Jina lilikuwa limeandikwa.

Sasa tuangalie Kituku. Tarehe 3 Oktoba 2024, asubuhi, boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya macho ya watu, ikiwa imebaki mwendo mfupi tu kufika bandari hiyo ya Goma. Ilikuwa imejaa kupita kipimo. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Goma na Minova, kwa hiyo wachuuzi na familia hawakuwa na njia nyingine isipokuwa maji. Gavana wa Kivu Kusini alitaja watu 278 waliokuwa ndani na vifo 78. Siku zilizofuata, hesabu za wakubwa ziligongana. Jamaa walizunguka bandarini na hospitalini wakitafuta watu wao, wala hakukuwa na karatasi moja ya kuaminika ya kuwaambia kama ndugu yao alipanda ao hakupanda.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Aprili 2019, baada ya boti nyingine kuzama upande wa Kalehe, idadi ya waliokosekana ilitajwa kuwa karibu 150. Rais Félix Tshisekedi alifika huko kufariji familia, na agizo likatolewa kwamba kila msafiri wa ziwani avae jile. Agizo lilikuwa zuri. Lakini agizo lisilo na mtu wa kulisimamia bandarini kila asubuhi linabaki maneno ya siku ya kilio.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika Ziwa Kivu, kinachopotea bila habari ni mtu. Gunia la maharagwe lina alama ya mwenyewe, kreti ya bia inahesabiwa mara mbili, mbuzi analipiwa na anajulikana ni wa nani. Mtoto aliyebebwa mgongoni hahesabiwi popote.

Wenye boti wana majibu yao, nayo yanastahili kusikilizwa. Wanasema majile ni ghali na mengine yanaibwa. Wanasema wasafiri wenyewe wanafika dakika ya mwisho na hawataki kungoja. Wanasema pia kwamba orodha ikiwa ya kweli, kodi itapanda na matabishi ya kutoa njiani yatapanda pamoja nayo. Kuna ukweli ndani yake. Lakini daftari la shule si ghali. Kuandika majina ya watu 80 kunachukua muda mfupi kuliko kupakia mizigo yao. Na mwenye boti anayeficha idadi ya wasafiri kwa kuogopa kodi anapaswa kujua kwamba siku ya ajali, idadi hiyo itatafutwa kwa kuhesabu maiti.

Nchi jirani ililipa bei hiyo pia. Mwezi wa Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama usiku kati ya Unguja na Pemba, ikiwa imebeba watu wengi kupita walioruhusiwa. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na mabishano kuhusu idadi ya kweli ya waliokuwa ndani yaliendelea kwa miezi. Leo Mkongomani anayekwenda vakansi Zanzibar anaombwa paspoti anaponunua tiketi ya boti Dar es Salaam, na jina lake linaandikwa kwenye tiketi. Anatoa paspoti bila kulalamika. Mtu huyo huyo, akirudi nyumbani na kukodi kanoti ya mbio kwenda Idjwi, anaona kuandikwa jina ni kupoteza wakati.

Kwa sababu hiyo mabadiliko yanaweza kuanza kwa mtu wa vakansi. Mama anayetoka Minova na ndizi hana nafasi ya kuchagua: akikataa boti ya leo, ndizi zinaoza. Lakini baba anayelipia watu wanane kwa dola, kwa ajili ya kujifurahisha tu, anaweza kukataa na kurudi nyumbani bila hasara kubwa. Kabla ya kutuma pesa, aulize kama jina la kila mtu litaandikwa, pamoja na la mtoto mchanga, na kama nakala ya orodha itabaki kwenye nchi kavu. Aulize kama kuna jile kwa kila mmoja, na kama kuna zile za ukubwa wa mtoto, maana jile ya mtu mzima inamtoka mtoto anapoanguka majini. Aulize saa ya kuondoka, na atake safari ya mchana. Aulize pia nani atarudisha pesa upepo ukichafua ziwa ao usalama ukiharibika, kwa sababu msafiri aliyelipa bila risiti ndiye anayelazimisha boti iondoke hata mawimbi yakiwa makubwa. Namba ya simu isiyo na biro wala mtu anayejulikana haifai kutumiwa hata franga moja.

Wapo wanaosema kwamba kuzungumzia vakansi wakati watu wanakimbia vita ni kukosa haya. Lakini boti ni zile zile, bandari ni zile zile, na ziwa halichagui kati ya mtalii na mkimbizi. Aibu ya kweli ingekuwa nyingine: majile yaliyonunuliwa kwa ajili ya wageni wa Jumamosi yafungiwe ndani ya stoo siku ya soko, wakati wamama wenye mizigo wanapanda na nguo zao tu. Faida ya mtu wa vakansi kudai utaratibu ni kwamba, boti ikishazoea kuandika na kuvalisha, ifanye hivyo kwa kila anayepanda.

Na hapo kazi inakuwa ya wakubwa, yeyote anayesimamia bandari leo. Orodha iandikwe mara mbili, moja iende na boti, nyingine ibaki bandarini kabla kamba haijafunguliwa. Idadi inayoruhusiwa ipakwe rangi ubavuni mwa boti kwa herufi kubwa, ili hata mtoto wa shule aweze kuisoma na kuhesabu. Anayeruhusu boti iliyopita kipimo kuondoka aulizwe siku hiyo hiyo, asingoje ajali ndipo aitwe.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mkopo wa kigeni ao mkutano wa hotelini. Kwa Kituku, kwa Minova, kwa bandari za Idjwi na za Bukavu, inatosha meza moja, madaftari mawili, na mtu mwenye mamlaka ya kusema: imetosha, wengine wangoje boti nyingine.