Mrudisheni Yule Mwewe

Toyota walipoitoa Harrier nchini Japani mwezi Desemba 1997, waliuchukua ulaini wa gari la kifahari wakaupandisha juu, kimo cha gari la safari. Ughaibuni ikauzwa kwa jina la Lexus RX. Toleo la pili, la mwaka 2003, ndilo lililotapakaa Dar es Salaam, na mtaa ukalibandika jina la "tako la nyani". Jina halilitendei haki. Simama nyuma yake jua la jioni likilipiga: kioo kimelala, taa zimekumbatia kona, bati limenyooka bila mikunjo ya kujionyesha. Kwangu mimi, hakuna Harrier iliyochorwa vizuri kuliko hiyo. La 2013 likaachana na Lexus, likapewa uso mwembamba. Huku kwetu likaitwa "Anaconda". La 2020 nalo linapendeza, paa likiteremka nyuma na taa zikiwa mstari mmoja mwembamba mwekundu. Ila kwenye grili, yule ndege jamii ya mwewe aliyelipa gari jina lake ameondolewa, ikawekwa nembo ya kawaida ya kampuni. Toyota, tunawaomba mumrudishe.