SEHEMU YA 4: "Nesi, wakili wa nini? Kwani mtoto kaiba?"

Hilo swali limejaa inboksi tangu juzi. Ngoja nilijibu, na leo sitakuwa mpole.

Miaka kadhaa nyuma alikuja mama kliniki, mtoto mgongoni, miaka saba, ana utindio wa ubongo. Akili iko vizuri kabisa, miguu ndiyo inamsumbua. Shuleni wamemwambia, "Hapa hatuna mazingira ya watoto kama hawa." Mimi nikamwambia nini? "Vumilia dada, Mungu atafungua mlango." Mimi, na sare yangu nyeupe! Mwaka uliofuata alirudi na mtoto bado mgongoni, bado hajaandikishwa popote. Ile kauli yangu inanikaba mpaka leo.

Maana mlango ulikuwa wazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, inasema mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa ya kupokelewa shule, iwe ya serikali au ya binafsi. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu wake. Sasa nani anamkumbusha mwalimu mkuu? Wewe ukienda na machozi, utapewa kiti na pole. Barua yenye muhuri wa wakili inajibiwa, na mara nyingi mambo yanaishia hapo hapo bila kufika mahakamani.

"Hela sina." Najua, hata mimi mshahara naujua mwenyewe. Ndiyo maana kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kwa ajili ya asiye na uwezo. Nenda halmashauri, muulize afisa ustawi wa jamii au wa maendeleo ya jamii wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wako wapi. Huyo hatakiwi kukutoza hata mia. Kukusimamia mahakamani haruhusiwi, ila atakuelekeza kwa wakili wa msaada.

Ukiamua kulipa wakili wako, jamani, vishoka wapo! Suti na mkoba siyo uwakili. Tafuta jina lake kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili kabla hujatoa senti. Muulize kama amewahi kushika shauri la mtu mwenye ulemavu, na lilihusu nini. Ada iandikwe, risiti utoe nayo mlangoni. Akikuahidi ushindi siku ya kwanza, beba mtoto wako uondoke.

Na usiende mikono mitupu. Shule ikimkataa mtoto, omba wakuandikie. Wakigoma (watagoma), andika kwenye daftari siku hiyo hiyo: tarehe, nani kasema, kasema nini, nani alikuwepo. Chukua kadi ya kliniki na ripoti ya daktari. Hiyo ripoti tuombeni bila kuogopa. Siyo fadhila yetu, na nesi akikununia, mnunie na yeye.

Mawifi watasema unajifanya mjuaji, unaaibisha ukoo. Waulize nani kati yao atambeba huyo mtoto mgongoni akifika miaka kumi na tano.

Kesho Sehemu ya 5: bima na viti vya magurudumu. Nipo zamu ya usiku, maswali nitajibu asubuhi.