Shule Ndogo za Mlimani: Hesabu Zake Anazisoma Nani?

Matokeo ya darasa la saba yatokapo, shughuli za nyumbani husimama kwa muda. Baraza la Mitihani huyaweka wazi ya kila shule: idadi ya watahiniwa, madaraja yao, na wastani wa shule kwa alama 300, yaani masomo sita ya alama 50 kila moja. Tangu Januari 2023 Baraza limeacha kutangaza shule 10 bora, lakini sisi hatujaacha kuzipanga. Barazani, sokoni, hata kwenye shughuli za harusi, shule hupangwa upya, iliyo juu ikasifiwa na iliyo chini ikalaumiwa, na aghalabu lawama hizo humwangukia mwalimu mkuu.

Leo tunataka kuuliza habari za karatasi nyingine, ambayo wachache miongoni mwetu huifungua: karatasi ya fedha za shule. Tunawasemesha hasa wazazi na walezi wenye watoto katika shule za Serikali zilizoko mteremkoni mwa Kilimanjaro, tangu Machame na Kibosho, kupitia Uru na Old Moshi, hadi Kirua, Kilema na Marangu. Huko shule nyingi zinapungukiwa na wanafunzi, na shule ikipungukiwa na wanafunzi, fedha zake hupungua nazo.

Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi imewekwa kuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Asili ya kiwango hicho ni Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza 2002, wakati dola 10 za Marekani zilikuwa karibu sawa na shilingi 10,000. Leo dola moja peke yake inazidi shilingi 2,000, na kiwango ni kile kile. Ulipoanza mpango wa elimu bila malipo Januari 2016, shilingi 4,000 kati ya hizo zilitengwa kwa ununuzi wa vitabu, zikabaki 6,000 za kutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule.

Sasa tuchukue shule ya mfano yenye watoto 120. Zidisha kwa 6,000: shilingi 720,000 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12: shilingi 60,000 kwa mwezi. Hizo ndizo za chaki, karatasi, mitihani ya majaribio, michezo, bili ya maji, kitasa cha mlango na ukarabati mdogo mdogo. Shule ya mjini yenye watoto 1,200 hupata mara 10 ya hizo, na kwa hakika ina matatizo yake, tena makubwa, ya watoto kubanana. Lakini yako mahitaji yasiyofuata idadi ya vichwa. Bati lililopasuka halijui kama chini yake wameketi watoto 17 au 70. Gharama ya kulibadilisha ni ile ile.

Kwa kulinganisha tu: mwalimu mkuu hulipwa posho ya madaraka, iliyoanzishwa mwaka huo huo wa 2016, shilingi 200,000 kwa mwezi. Hatumwonei kijicho, kazi yake ni nzito na anastahili. Lakini posho hiyo ya mtu mmoja ni zaidi ya mara tatu ya fedha za kuiendesha shule yetu ya mfano kwa mwezi huo huo. Mzazi anayemshuku mwalimu kwamba "amezila" fedha za shule angefanya vyema kwanza kujua ni ngapi zilizofika.

Kwa nini watoto wamepungua? Mlima huu ulijaa zamani. Kihamba cha babu kiligawiwa kwa wana, wana nao wakakigawa kwa wajukuu, hata ikabaki migomba ya kuhesabika. Kijana akatafuta riziki Arusha, Dar es Salaam au mbali zaidi. Wengine wameteremkia tambarare, Mabogini na Kahe, ambako shule zina shida ya kinyume. Sensa inaonyesha hivyo kwa tarakimu. Kati ya 2012 na 2022 Watanzania waliongezeka kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120, yaani 37 kwa kila 100. Mkoa wa Kilimanjaro ulitoka 1,640,087 ukafika 1,861,934, ambayo haifiki 14 kwa kila 100. Juu mlimani wamebaki wazee, na wajukuu walioachiwa wawalee.

Ugumu wa pili ni walimu. Kipimo cha Serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kwa kipimo hicho shule yetu ya watoto 120 inastahili walimu watatu. Lakini madarasa yake ni saba, ukiacha awali, na kila darasa lina masomo yake na vipindi vyake. Mwalimu huingia la tatu akaacha kazi ubaoni, akavuka kwenda la nne, akarudi. Ofisa anayetazama jedwali wilayani anaweza kuona kwamba shule hii yenye walimu wanne ina ziada ya mmoja, akamhamishia tambarare kwenye msongamano. Kwa upande wake hakukosea hesabu. Lakini kipimo kilichotungwa kwa shule kubwa kimetumika kwa shule ndogo, na hakuna aliyesimama kueleza tofauti.

Hapo ndipo matokeo yanapoingia. Shule yenye watahiniwa 14, mtoto mmoja akiugua siku ya mtihani, huporomoka kwa asilimia saba. Mwaka unaofuata wakiwa 14 wengine wenye vipaji, shule hupaa, na mwalimu mkuu yule yule akaitwa hodari. Kupanda na kushuka kwa namna hiyo kwa sehemu kubwa ni bahati ya mwaka. Anayetaka kuijua shule ndogo ayaangalie matokeo ya miaka mitano kwa pamoja, aangalie na upimaji wa darasa la nne, kisha aulize katika miaka hiyo shule ilikuwa na walimu wangapi na wangapi walihamishwa. Tukiuliza hivyo, mazungumzo ya barazani yatabadilika sana.

Nani wa kusimama na kueleza? Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 inataka kila shule ya msingi iwe na kamati. Wazazi huchagua wawakilishi wao, na mwalimu mkuu ni katibu. Kamati ndiyo inayopaswa kujua kiasi kilichoingia, kuridhia mpango wa matumizi, na kuhakikisha mapato na matumizi yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo, utaratibu uliosisitizwa tangu zama za MMEM. Juu ya kamati kuna kata na diwani wake, halafu halmashauri ya wilaya na Baraza la Madiwani. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti juu ya halmashauri kila mwaka, nayo ni kazi kubwa yenye faida. Lakini hawezi kuketi katika kila shule ya kijiji na kuhesabu maboksi ya chaki. Kazi hiyo ni ya mzazi.

Na hapa tuseme na nafsi zetu, Waislamu wa mlimani. Katika vijiji vingi vya juu sisi ni wachache, na shule nyingi za huko zilianza mikononi mwa misheni: Wakatoliki walifika Kilema 1891, Walutheri wa Leipzig wakafika Machame 1893. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitia shule hizo mikononi mwa Serikali, na tangu hapo ni za umma. Lakini mazoea ni magumu kufa. Wapo miongoni mwetu ambao hadi leo huiona shule ya kijiji kama mahali pa kupeleka mtoto na kumchukua, wakidhani mambo yake yana wenyewe. Jirani Mkristo mwenye mtoto katika darasa lile lile ananyeshewa na mvua ile ile. Akiketi peke yake kwenye kamati, amebeba mzigo wake na wetu.

Tena hatuna udhuru wa kusema hatujui kusoma hesabu. Misikitini mwetu makusanyo ya Ijumaa hutangazwa hadi shilingi ya mwisho, na siku yasipotangazwa watu huuliza kabla hawajavaa viatu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Watu waliofundishwa hivyo wanawezaje kukaa miaka saba, tangu mtoto anaanza la kwanza hadi anamaliza, bila kuuliza hata mara moja akaunti ya shule ina nini?

Lipo jambo la siku ya kikao. Kikiitwa Ijumaa saa saba mchana, baba Mwislamu hatakuwepo. Hilo lina dawa nyepesi: aseme mapema, kwa adabu, na kwa kawaida mwalimu mkuu atakisogeza. Tatizo kubwa zaidi liko majumbani mwetu. Wanaohudhuria vikao hivi kwa wingi ni akina mama na mabibi, kwa kuwa wanaume wako mbali kikazi. Mama huketi, husikiliza, husaini karatasi ya mahudhurio, kisha hurudi nyumbani akimngoja baba watoto apige simu ili ajue alipaswa kusema nini. Akina baba mlioko Dar es Salaam, mpeni mwenzenu idhini ya wazi, msikilizane kabla ya siku, na akichaguliwa kwenye kamati msimzuie. Yeye ndiye anayejua uji wa shuleni umekosekana siku ngapi.

Kisha kuna jambo ambalo haliko mbali. Kwa Sera ya Elimu, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Waliokuwa la tatu mwaka 2024 walianza mtaala mpya, na mwaka 2027 watamaliza la sita pamoja na wenzao wa la saba. Kwa shule kubwa hilo ni suala la nafasi za sekondari 2028. Kwa shule ndogo kuna hesabu zaidi: darasa zima linaondoka na halirudi. Watoto 120 wanakuwa kama 103, na zile shilingi 720,000 zinashuka hadi 618,000, huku paa likibaki na ukubwa ule ule.

Shule ikifika hapo, wazo la kuiunganisha na ya jirani huja lenyewe. Hatulipingi moja kwa moja. Kuna mahali kuunganisha kutawapa watoto walimu wa kutosha na madarasa yenye uhai. Lakini mlima wetu si uwanda. Kati ya kijiji na kijiji kuna korongo na mto, iwe Karanga, Rau, Weruweru au vijito vyake. Kwenye ramani shule mbili zinaweza kuonekana zimepakana. Kwa miguu ya mtoto wa miaka sita, mwezi wa Aprili masika yakiwa yamekolea, ni kushuka utelezini, kuvuka kwenye gogo na kupanda tena, asubuhi na jioni. Anayejua njia hiyo ni mzazi. Asiposema kabla Baraza la Madiwani halijakaa, uamuzi utafuata ramani.

Mkoa huu una historia ya wazazi waliosema na kutenda. Miaka ya 1980, nafasi za sekondari za Serikali zilipokuwa finyu, Kilimanjaro iliongoza nchini kwa sekondari za binafsi zilizojengwa kwa nguvu za wananchi. Waliofyatua tofali zile leo ndio mababu wanaolea wajukuu, na wengi wao wanazijua hesabu za ushirika wa kahawa kuliko sisi.

Basi katika kikao kijacho mmoja wetu asimame aombe asomewe kiasi kilichoingia kwenye akaunti tangu Januari na kilikwenda wapi. Mwingine aulize idadi ya watoto wa awali, kwa kuwa hao ndio shule ya miaka mitano ijayo, na akague kama kijijini kuna mtoto aliyefikia umri ambaye hajaandikishwa. Kila mmoja anayeongezeka ni shilingi 6,000 na hoja moja zaidi ya kubakiza mwalimu. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na nakala apewe diwani. Na mwaliko wa kikao ukija ndani ya daftari la mtoto, asomewe bibi pia, maana huenda siku hiyo ni yeye atakayekwenda.