Injini ya kesho na mwanafunzi wa Kegonga

Yeyote aliyewahi kungoja gari lijae abiria katika kituo cha Kegonga, Kaunti ya Migori, anajua kwamba kungoja huko hakuhitaji pupa. Majuzi, nikiwa katika ziara ya utafiti wa lugha huko Kuria Mashariki, nilikaa kivulini zaidi ya saa nzima nikisubiri Probox ijae. Kando yangu vijana wapatao sita walikuwa wakibishana kwa sauti. Nilidhani wanabishania siasa au kandanda. La hasha! Walibishania injini mpya inayoundwa na kampuni ya Toyota, injini ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.

Dereva, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, alikuwa na ombi moja tu. Injini hiyo iwe mvumilivu kama ile ya Probox yake, ambayo fundi yeyote anaweza kuifungua chini ya mwembe na kuifunga tena kabla ya magharibi. Kijana mmoja aliapa kwamba injini ya kesho itakuwa ndogo, itasaidiwa na betri, na haitakunywa mafuta hovyo. Mwingine, aliyevaa sweta ya shule, aliwaeleza wenzake kwa nini madereva wengi nchini huziogopa injini za D-4. Petroli, alisema, hurushwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa kanieneo kubwa mno, na kwa hivyo mafuta machafu huziharibu upesi. Kwa kweli neno "kanieneo" ni langu. Yeye alisema "kwa nguvu ya kusukumana", na wote wakamwelewa.

Nilimwuliza anafanyaje katika somo la fizikia. Akacheka kidogo, kisha akainamisha macho. "Niliiacha Kidato cha Pili, mwalimu. Ilinishinda."

Jibu hilo limenikosesha usingizi. Kijana aliyetoka kuwafundisha wenzake fizikia anaamini kwamba fizikia imemshinda!

Hebu tutazame wanachokitarajia vijana hawa. Mnamo Mei 2024, Toyota, Subaru na Mazda zilitangaza kwa pamoja kwamba kila moja itaunda injini mpya za kufanya kazi bega kwa bega na mota za umeme. Toyota ilieleza kwamba injini yake ya lita moja na nusu itakuwa fupi na ndogo kuliko ya sasa, na kwamba itaweza kuendeshwa pia kwa mafuta yasiyotokana na petroli ya kuchimbwa ardhini. Injini ya Probox ya dereva wetu, inayojulikana kama 1NZ, nayo ni ya takribani lita moja na nusu. Si ajabu basi kwamba habari hizo zimefika hadi kituo cha Kegonga.

Lakini tufanye hesabu. Wengi wetu hatununui magari mapya. Tunanunua yaliyokwisha kutumika Japani, na sheria ya Kenya inaruhusu yaingie yakiwa na umri usiozidi miaka minane. Kwa hivyo, injini ambayo Wajapani watauziwa mwaka huu itawafikia wengi wa watu wa Kegonga miaka saba au minane baadaye. Kufikia wakati huo mwanafunzi yule atakuwa mtu mzima. Swali langu ni moja: je, atakutana nayo akiwa nani? Mnunuzi? Dereva? Au mtu anayeijua kiasi cha kuweza kuiboresha?

Taifa hili liliwahi kuota ndoto ya kuunda gari lake. Mwaka wa 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda magari, na mwaka wa 1990 Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nakumbuka fahari tuliyoihisi. Magari matano yalitengenezwa, lakini shirika lililoundwa ili kuyazalisha kwa wingi likakosa fedha, na ndoto ikaishia hapo. Wapo wanaoyataja magari hayo kwa dhihaka. Mimi siwacheki wahandisi wale. Walionyesha kwamba tunaweza. Kilichokosekana, pamoja na fedha, ni mizizi. Ndoto ilishuka kutoka juu kama amri, wala haikupandwa katika madarasa yetu. Jirani zetu wa Uganda walianza na mradi wa walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, waliolijaribu gari la umeme la Kiira mwaka wa 2011. Leo kampuni iliyotokana na mradi huo inaunda mabasi.

Mizizi ninayoitaja ni pamoja na lugha. Neno "injini" tumelipata kwa Waingereza, nao asili ya neno lao ni Kilatini, *ingenium*, yaani kipaji au akili ya kuzaliwa. Akili hiyo niliiona kituoni, ikinena kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikuria. Darasani huambiwa inyamaze mpaka ijue Kiingereza. Sisemi kwamba lugha ndicho kizuizi pekee, kwani shule nyingi za mashambani hazina maabara zinazostahiki jina hilo. Wala sisemi Kiingereza kitupwe. Lakini kudai kwamba Kiswahili hakina istilahi ni kisingizio. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990, mwaka ule ule wa Nyayo Pioneer. Kamusi hiyo na gari hilo vilipata bahati moja: vilipigiwa makofi, kisha vikasahauliwa.

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 unatutaka tuanzie pale alipo mwanafunzi. Yupo kituoni. Mwalimu wa fizikia na aanze somo la mgandamizo kwa injini ya Probox, wanafunzi waeleze kwa maneno yao, kisha awape istilahi za mtihani. Na sisi walimu wa Kiswahili tupumzishe kidogo ile insha ya "Siku ambayo sitaisahau". Tuwaambie waeleze, hatua kwa hatua, jinsi tone la petroli linavyogeuka kuwa mwendo.

Nanyi wanafunzi, msiikubali hukumu ya "imenishinda" kabla ya kujiuliza ni kipi hasa kilichowashinda: ni fizikia yenyewe, au ni lugha iliyoibeba? Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Injini ya Toyota itakuja kwa wakati wake, tuingoje tusiingoje. Nilipopanda gari, niliinakili anwani ya kamusi ile katika kipande cha karatasi na kumpa yule kijana. Aliikunja akaitia mfukoni, kisha akarudi kwenye mabishano.