MAMBO YA NYUMBANI: Ubuyu Katika Uji wa Watoto

Tusomapo Kumbukumbu la Torati 8:8 twaona komamanga likihesabiwa miongoni mwa matunda ya nchi njema. Huku kwetu Ugogo komamanga si tunda la kila nyumba. Bali mbuyu husimama mashambani na njiani, wala haumdai mtu maji.

Mvua za Dodoma ni chache. Kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka, nazo hukoma yapata mwezi wa Aprili. Kiangazi kikikaza, mboga mbichi huadimika, na chakula huwa ugali wa mtama au wa uwele kwa mlenda mkavu. Ndipo yatupasa kuwaangalia sana watoto na mama wajawazito, maana hao ndio wepesi wa kupungukiwa na damu. Na ni katika kiangazi hicho mabuyu hukomaa na kukauka mtini.

Unga ule mweupe unaoshikamana na mbegu una vitamini C nyingi, hata gramu kwa gramu hulipita chungwa mara kadhaa. Tena una madini ya kalisi, yafaayo mifupa na meno, na nyuzinyuzi zinazolainisha choo. Madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kufanyiza damu, yamo katika uwele, mtama, kunde na majani. Lakini mwili huyapokea kwa shida. Vitamini C ikiliwa pamoja nayo, huyapokea vizuri zaidi. Kwa hiyo ubuyu wafaa uwe pamoja na chakula, usiwe wa kumung’unya njiani tu.

Lakini katika nyumba nyingi ubuyu hutiwa chunguni pamoja na unga, ukachemshwa hata uji uive. Ukali wake hubaki, ila vitamini C nyingi hupotea kwa moto. Afadhali mama afanye hivi:

1. Achemshe maji ya kunywa, ayaache yapoe hata yawe vuguvugu.

2. Aloweke ubuyu humo kwa nusu saa, akikoroga kwa mwiko mpaka mbegu ziachane na unga.

3. Achuje kwa kitambaa safi.

4. Uji ukiisha kuiva, auepue. Ukipoa kiasi cha kunyweka, ndipo atie maji ya ubuyu na kukoroga.

Maji hayo hufaa pia kutiwa katika mboga badala ya ndimu au ukwaju, chungu kikiisha kuepuliwa. Majani machanga ya mbuyu ni mboga. Yakikaushwa na kutwangwa huwekwa kwa siku za uhaba. Ubuyu wenyewe hukaa miezi mingi mahali pakavu.

Twawaonya ndugu zetu katika mambo matatu. Mtoto asiyetimiza miezi sita anyonye tu, asipewe uji wala ubuyu. Pili, ubuyu ule mwekundu uliopikwa kwa sukari na rangi, kama wa Unguja, ni peremende. Huozesha meno, wala hauwi badala ya ule mweupe. Tatu, wako wachuuzi wasemao kwamba unga au mafuta ya ubuyu huponya kila ugonjwa. Tusiwasadiki. Ubuyu ni chakula. Hauponyi malaria wala kifua kikuu. Mtoto mwenye viganja vyeupe, mnyonge, asiyetaka kucheza, apelekwe hospitali apimwe damu, wala asicheleweshwe nyumbani kwa kungojea uji umponye.

Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe katika nchi zake, ukaandikwa kuwa chakula kipya. Kwa bibi zetu haukuwa kipya. Walimu wenye mibuyu karibu na shule zao na wawafundishe watoto kazi yake, na akina mama wajaribu uji huo juma hili.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema juu ya kukausha kunde.