Jaji Asiyekijua Chakula Anahukumu Nini?

Wewe uliyekulia Masara, nijibu: apoth ikipikwa sawasawa, si huteleza? Sasa mtu aje mezani, aonje kijiko kimoja, aseme, "Pole dada, mboga yako inateleza, rudi nyumbani." Ungenyamaza?

Basi hilo ndilo lililompata Zaleha Kadir Olpin, mzaliwa wa Malaysia, kwenye MasterChef ya Uingereza mwaka 2018. Alipika nasi lemak, yaani wali wa nazi, pamoja na rendang ya kuku. Rendang hupikwa taratibu kwa tui la nazi na viungo mpaka nyama ilainike na mchuzi ukolee. Jaji Gregg Wallace akalalamika eti ngozi ya kuku haikuwa kavu ya kuvunjika mdomoni, kwa hivyo hailiki. Zaleha akatolewa.

Malaysia na Indonesia hugombana kila siku rendang ni ya nani. Siku hiyo walikuwa kitu kimoja! Waziri Mkuu Najib Razak aliuliza mtandaoni nani hula rendang ya kuku namna hiyo. Hata balozi wa Uingereza kule Malaysia alisema rendang haiwi hivyo kamwe. Na jaji wa pili, John Torode? Alijibu kwa mzaha kwamba labda rendang ni ya Indonesia, akamalizia na "Namaste." Namaste, salamu ya Wahindi, ndiyo aliyowapa Wamalaysia. Hapo ujue mtu hajui hata anaongea na nani.

Baadaye Wallace alijitetea: hakutaka kuku wa kukaanga, alimaanisha kuku hakuiva. Sawa, tumpe haki yake, sisi hatukuonja. Lakini kama hakuiva, sema hakuiva. Kuiva ni jambo moja, ngozi kukauka ni jambo lingine kabisa, na watu walisikia lile lililotamkwa, si lile lililobaki moyoni mwa jaji.

Usiniambie ni mambo ya TV tu. Nadiya Hussain aliposhinda Great British Bake Off mwaka 2015, alipata vitabu, vipindi vyake mwenyewe, hata kazi ya kuoka keki ya Malkia Elizabeth alipofikisha miaka 90. Ni riziki ya mtu ile. Na msimu huohuo mwandishi mmoja wa Daily Mail alidokeza kwamba mshindani mwingine, aliyetolewa, angefanya vizuri zaidi kama angeoka msikiti wa chokoleti. Umeona mtego? Ukishindwa, chakula chenu kibaya. Ukishinda, umependelewa kwa sababu ya hijabu.

Sisemi jaji lazima awe wa kabila la mpishi, hapana. Nasema vigezo vitajwe kabla moto haujawashwa, na mezani awepo angalau mmoja aliyewahi kula hicho chakula kikiwa kimepikwa vizuri. Hiyo ni gharama gani kwa televisheni kubwa kama ile?

Na sisi pia tusijifanye malaika. Dada wa Pwani akitupikia samaki wa nazi huku kwetu, wangapi hukunja uso kabla ya kuonja? Siku ukiitwa wewe kuwa jaji, hata kama ni shindano la shuleni, weka kijiko chini kwanza, umuulize mpishi: kwenu hiki kikiiva sawasawa huwa vipi?