Pima macho kwanza, shamba baadaye

Mfanyabiashara wa Mlowo, wilayani Mbozi, hanunui mahindi kwa kutazama mdomo wa gunia. Anazamisha mkono mpaka katikati, anatoa punje, anatafuna moja aone kama yamekauka. Mtu huyohuyo akisikia kuna wakala anayeweza kumpeleka mwanawe Dubai kuwa rubani, anauza shamba la kahawa wiki hiyohiyo, bila kumuuliza mtu mwingine zaidi ya huyo wakala.

Tumechoka kusikia "hatukujua" kutoka kwa wazazi waliotapeliwa. Mambo ya urubani si siri ya serikali.

Viza ya kazi ya rubani haiuzwi peke yake kama vocha ya simu. Mwajiri ndiye anayeishughulikia, tena baada ya kumsaili mtu, kumjaribu kwenye simuleta na kuikubali leseni yake. Emirates na Qatar Airways hutangaza nafasi kwenye tovuti zao wenyewe na hawatozi ada ya kuomba kazi. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi gharama za kumwajiri. Sasa ile milioni ya "kufungua faili" anayoidai wakala inakwenda kwa nani? Ni utapeli uleule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", safari hii umevaa suti.

Watu wa Tunduma wangekuwa wa kwanza kulielewa hili. Lori likifika mpakani bila hati za mzigo haliingii Nakonde, Zambia, hata dereva awe na maneno matamu kiasi gani. Linalala kwenye foleni. Kwa rubani, hati hizo ni leseni, cheti cha afya na daftari la saa alizoruka. Leseni ya urubani wa biashara inadai saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi iliyoidhinishwa. Ile ya juu kabisa inadai saa 1,500. Mashirika ya Ghuba yanapotafuta marubani wa kigeni huhesabu saa kwa maelfu, kwa hiyo kijana aliyetoka chuoni jana na saa zake 200 hana cha kupeleka sokoni kule. Ulaya nako leseni yetu haibadilishwi dirishani kama kwacha: mwenye nayo anafanya mitihani 13 ya nadharia, hata kama ameruka miaka kumi.

Saa zinapatikana hapahapa nyumbani. Vile vindege vya Caravan vinavyopeleka watalii Serengeti, Zanzibar na Mafia ndimo wengi wanamojazia daftari. Ni kazi ya jua na viwanja vya vumbi, na picha zake hazivutii sana kwenye WhatsApp. Basi vijana wanaiona kama adhabu, wanataka kuanzia Doha.

Serikali nayo isitazame pembeni. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwenye anga lake, na Juni 2025 ukayaongeza mashirika yote yaliyopewa vyeti Tanzania. Upungufu wa wataalamu wenye sifa na usimamizi dhaifu vilitajwa miongoni mwa sababu. Marufuku hiyo ni ya mashirika, rubani mmojammoja haimhusu. Lakini mwajiri anayeishika leseni ya Tanzania anasoma pia jina la mamlaka iliyoitoa. Wakaguzi wa usafiri wa anga wa kutosha, wanaolipwa vizuri wasikimbie, watamsaidia kijana wa Mbozi kuliko semina kumi za kumhamasisha.

Turudi majumbani mwetu, maana kosa kubwa liko huku.

Hatua ya kwanza kabisa ya urubani ni cheti cha afya cha daraja la kwanza. Wanapima macho, uwezo wa kutofautisha rangi, masikio, moyo. Anayepima ni daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, si daktari yeyote tu. Asiye na cheti hicho hapewi leseni ya biashara ya Tanzania, hata awe amesomea Afrika Kusini au Marekani. Bei ya kupima haisogelei bei ya ekari moja ya kahawa. Hata hivyo familia nyingi huiweka hatua hii mwisho, ada ikiwa imeshalipwa na mibuni imeshakuwa ya mtu mwingine.

Kwa nini? Tunadhani watu wanaliogopa jibu. Mtoto anaitwa "kapteni" mtaani tangu darasa la tano. Mjomba ameshatangaza kanisani. Nani tena atakwenda kuuliza swali linaloweza kurudi na "hapana"? Ndiyo maana wakala anapendwa: yeye hasemi hapana kamwe. Daktari anaweza kuisema, afisa wa leseni anaweza kuisema, na kwa hilo tu wanaonekana wachawi.

Mzazi anayeambiwa hapana mapema bado ana shamba, na mtoto bado ana umri wa kusomea kitu kingine. Anayeambiwa baada ya miaka mitatu ana deni na mtoto asiyetaka kurudi Mlowo kwa aibu.

Kwa hiyo ulizeni. Chuo mlichotajiwa, TCAA wanakitambua? Na huyo bwana wa viza, TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, wanamjua? Ofisi za TCAA ziko Banana, Ukonga, na mabasi ya Tunduma kwenda Dar es Salaam yanapita Mlowo kila siku. Wakala akisema nafasi inafungwa kesho, mwambieni asubiri mpaka mrudi.